Maalim na Kazi ya Barafu

Ukikutana naye njiani ukamwamkia, alikuitikia upesi upesi, kama mtu anayepangusa meza ili aweke kitu, kisha akauliza: "Sasa ukimaliza?"

Hakusema ukimaliza nini. Sote tulijua ni skuli. Alituuliza sokoni, alituuliza msikitini tukitafuta viatu vyetu, alituuliza hata mazikoni wakati jeneza halijatolewa ndani. Siku moja alimuuliza bwana harusi, kijana aliyekuwa darasani kwake mwaka uliotangulia, naye amekaa kitako na joho lake anangoja kuozeshwa. Kijana akasema, "Maalim, leo naoa." Maalim akamjibu, "Naona. Ndiyo maana nakuuliza."

Alikuwa mwalimu wetu wa jiografia katika skuli ya sekondari hapo Chake Chake, miaka ile ambayo bei ya karafuu ilikuwa imeanguka na watu wakiizungumza majumbani kwa sauti ya chini, kama wanaomzungumza mgonjwa aliyelala chumba cha pili. Walimu wengine walikuwa Maalim fulani na Maalim fulani. Yeye ukisema Maalim bila kuongeza kitu, kila mtu alijua ni nani.

Hakuna aliyempa kazi ya kutushauri. Siku hizi skuli zina walimu wa ushauri nasaha, na mimi mwenyewe nilipata kupelekwa semina ya mambo hayo, tukapewa soda na makabrasha. Wakati ule hapakuwa na kitu hicho. Mtoto alisoma mpaka mtihani umkatae, kisha akarudi kwao. Maalim alishindwa kulizoea jambo hilo. Basi kila Alhamisi, baada ya sala ya Alasiri, alituweka kwenye kibaraza cha stoo ya majembe akatuletea mtu wa kazi. Wiki hii muuguzi, wiki ile bwana anayepima mvua uwanja wa ndege, wiki nyengine fundi wa umeme na mkanda wake wa kupandia nguzo. Kila mmoja alitakiwa atueleze siku yake tangu anapoamka.

Wageni wengi walipenda kujisifu. Maalim aliwaacha kidogo, kisha akawakata: "Hayo mazuri tumeyasikia. Sasa sema linalokuuma."

 Muuguzi akasema linalomuuma ni kumwosha mtoto aliyekufa ambaye jana yake alikuwa akimwimbia.  Msichana mmoja akainuka akaenda zake, na wiki iliyofuata msichana huyo huyo akamwambia Maalim anataka uuguzi. Huyo alifanikiwa. Namtaja mapema kwa sababu waliofanikiwa hawakuwa wengi, na sitaki nimalize nimesahau kumtaja.

Maalim alikuwa na tai moja ya rangi ya kahawia. Hakuivaa skuli, hata alipokuja mkaguzi. Aliivaa anapokwenda kumwombea mtu. Tukimwona juu ya baiskeli, tai imepeperushwa imemkaa begani, tulijua yuko mwenzetu anatafutiwa nafasi mahali. Akirudi tai iko mfukoni, tulijua nafasi haikupatikana. Mara nyingi ilirudi mfukoni.

Nilifuatana naye mara moja, tulipokwenda Mkoani kumwombea kijana aliyetaka kujifunza kazi za bandarini. Mkubwa wa ofisi alitupokea vizuri mno. Alituagizia chai, akamsikiliza Maalim mpaka mwisho, kisha akafungua mikono.

"Maalim, hawa nilionao sina pa kuwaweka."

"Basi mchukue akae tu. Aone kazi inavyokwenda."

"Aone nini, Maalim wangu? Meli yenyewe huja ikipenda."

Wakacheka wote wawili, wakapeana mikono, tukatoka. Njiani Maalim hakusema neno mpaka tulipofika Mtambile. Hapo alisema, "Chai ile haikuwa na sukari."

Alikuwa na maneno yake ambayo tuliyajua kwa moyo. "Usiseme sina bahati, sema sijafika." "Mwenye kuchagulia watu kazi ni njaa, mtangulieni." Mwanafunzi akimwambia, "Nataka kazi yoyote tu, Maalim," alikasirika kweli kweli. "Yoyote ni kazi gani? Yoyote inavaa nini asubuhi?" Lakini nilikuja kugundua kwamba maneno hayo aliyasema zaidi siku ambazo hakuwa na kitu cha kutupa. Siku alizokuwa na habari ya nafasi mahali, hata kama ni nafasi ya mtu mmoja, hakuwa na methali. Alisema tu, "Njoo kesho na cheti chako."

Yeye mwenyewe hakupata kuulizwa. Alitaka kuwa mpima ardhi. Utotoni aliwaona wapimaji wakiwa na darubini yao ya miguu mitatu, na ile namna ya kufumba jicho moja na kuitazama nchi ilimwingia. Ikaja zamani ile ya baada ya Mapinduzi, walimu wengi wakawa wameondoka, na kijana aliyejua kusoma na kuandika sawasawa alipewa chaki.

"Niliitwa ofisini Ijumaa," alituambia, "Jumatatu yake nikawa nafundisha. Sikuulizwa, wala mie sikusema. Nani angesema?"

Alilieleza jambo hilo bila uchungu, kama anayeeleza mvua ya mwaka fulani. Ila alipotuchorea ramani ya Pemba ubaoni, kwa mkono mtupu, ghuba kwa ghuba na kisiwa kwa kisiwa, hakumruhusu mtu aifute. Mwalimu wa kipindi kinachofuata alilazimika kuandika hesabu zake pembeni, juu ya bahari.

Kwa ajili hiyo alituasa tusiwe walimu. "Ualimu," alisema, "ni kazi ya mtu aliyepotea njia akaamua kukaa hapo hapo." Mimi nikawa mwalimu. Nafasi ya chuo cha ualimu ndiyo iliyonijia, nikaishika. Nilipomweleza alinitazama kwa muda, akasema, "Haya," na kunipa mgongo. Nikadhani nimemuudhi. Lakini siku yangu ya kwanza kusimama mbele ya watoto, katika skuli ya msingi nje kidogo ya mji, nilipogeuka kutoka ubaoni nilimkuta ameketi dawati la nyuma kabisa, magoti yamemfika kifuani. Alikaa mpaka kengele ilipolia. Akaniambia, "Unaandika herufi ndogo, Hamad. Wa nyuma hawaoni," akapanda baiskeli yake.

Na kulikuwa na redio. Maalim hakuwa mwepesi wa kumwamini mtu. Muuza samaki akimwambia samaki ni wa leo, alimfunua samaki mashavu, akanusa, na bado akauliza wa pembeni. Lakini sauti iliyotoka redioni, au kinywani mwa mkubwa aliyesimama jukwaani, aliiamini kama anavyoamini kwamba kaskazini iko juu ya ramani. Kila ahadi aliigeuza kazi. Ikisemwa barabara itajengwa, alikuja darasani amechangamka: "Watataka madereva. Watataka wapimaji. Watataka wapishi wa kambi. Nani anapika?" Barabara ikichelewa, alisema mambo makubwa yana mwendo wake.

Hapo ndipo alipoingia Faki.

Faki alikuwa mwenzetu wa darasa, mtoto wa Kiuyu, kule kaskazini ambako ardhi ni mawe na mtu hupanda mawele katika nyufa za jiwe. Alikuwa mkimya. Dakhalia, ambako watoto wa mbali tulilala, kila kilichoharibika kilipelekwa kitandani kwake: taa, jiko, redio, kufuli la sanduku. Alikitazama, akakifungua, asubuhi ukakikuta kimepona. Maalim akiuliza Alhamisi nani anataka kuwa nani, Faki alisema, "Mimi napenda kujua kitu kimeharibika wapi." Maalim alilirudia jibu hilo kwa kila mgeni aliyekuja.

Mwaka tuliomaliza, likasemwa jambo kwenye mkutano mmoja wa hadhara: huko kaskazini kitajengwa kiwanda cha barafu, ili samaki wa wavuvi wasiwe wanaoza kabla ya kufika sokoni. Maalim alikuwapo. Alirudi kutoka mkutano ule kama aliyepewa yeye kiwanda. Haikupita muda ikatokea nafasi Unguja ya kusomea ufundi wa mafriji na mitambo ya baridi, na ufundi huo hakuna Mpemba hata mmoja katika mtaa wetu aliyekuwa nao. Maalim akavaa tai.

Tulikwenda watatu, yeye, Faki na mimi, gari mpaka Micheweni na kutoka hapo kwa miguu. Babaake Faki alikuwa akitoka kondeni. Alitukaribisha ukumbini, mkewe akatuletea muhogo na papa mkavu, na hakuna lililosemwa mpaka tumekula. Kisha Maalim akaeleza kila kitu: kiwanda, wavuvi, mashine, namna Faki atakavyokuwa fundi wa kwanza wa huko kwao.

Mzee alisikiliza. Akasema, "Maalim, huyu ndiye mkono wangu wa kulia. Wadogo zake ni wa kike, na mie mgongo hauniitikii tena."

"Niazime tu, mzee wangu. Atarudi hapa hapa, na kazi yake mkononi. Sikupelekei mbali."

"Na hicho kiwanda, wewe umekiona?"

"Kimesemwa, mzee. Mbele za watu."

Mzee akamgeukia mwanawe. "Nawe wataka?"

Faki akasema, "Nataka, baba." Nadhani ndiyo mara ya kwanza kumsikia akijibu bila kufikiri kwanza.

Mzee akasema, "Haya. Mungu awatie nuru."

Faki alisoma, akafaulu, akarudi. Mawe ya msingi wa kiwanda yalikuwa yameshushwa. Yakakaa. Majani yakaota katikati yake. Wenye kujenga nyumba wakaanza kuchukua moja moja, kwanza kwa kificho, baadaye mchana na gari la ng'ombe. Kila alipoulizwa, Maalim alisema jambo hilo liko njiani. Alikwenda ofisi moja akaambiwa aende nyengine. Alikwenda hiyo nyengine akaambiwa aliyekuwa akilijua jambo hilo amehamishwa. Umeme wenyewe haukuwa umefika Kiuyu, wala haukuelekea kufika. Faki akatafuta kazi Chake na Wete, lakini mafriji ya kisiwa kizima wakati ule yalihesabika, na yalikuwa na mafundi wake. Akarudi kondeni kwa babaake. Alikuwa amelisahau kidogo jembe, viganja vikamtoka malengelenge.

Siku babaake alipokuja skuli, mimi nilikuwapo. Nilikuwa nimekuja kuazima ramani ya kufundishia. Mzee alisimama mlangoni mwa ofisi ya walimu na kikapu cha mawele, hodi yake haisikiki. Maalim aliinuka akampokea kwa mikono miwili, akamweka kwenye kiti chake mwenyewe.

"Nimekuletea mawele kidogo," mzee alisema. "Mwaka huu Mungu katupa."

"Ahsante sana, mzee wangu. Kwa nini ujisumbue na jua hili?"

"Hapana taabu." Akajifuta uso kwa kofia yake. "Maalim, sikuja kugombana. Nina suala."

"Niulize."

"Mwanangu mumemsomesha kazi ya barafu. Kaijua. Mie mwenyewe akinieleza naona kweli kaijua. Sasa nataka unambie, barafu yenyewe i wapi?"

Ofisi nzima ilisikia. Mwalimu wa Kiingereza aliacha kusahihisha madaftari. Nilimtazama Maalim nikingoja moja ya yale maneno yake, nami nikiliogopa. Akasema, "Sijui, mzee wangu."

Mzee akatikisa kichwa taratibu, hana hasira. "Basi," alisema. "Nilidhani nisiyejua ni mie tu."

Akaomba maji, akanywa, akaaga. Maalim alimsindikiza mpaka barabarani na kurudi, akaingia darasani kufundisha, na wanafunzi waliniambia baadaye kwamba kipindi kizima aliwasomea kitabu bila kuinua macho.

Alhamisi ile hakuleta mgeni, wala iliyofuata. Watoto walikaa kibarazani wakangoja, kisha wakatawanyika wakacheza mpira. Njiani ukimwamkia alikuitikia, akauliza hali ya wazee wako, basi. Nilikutana na kijana mmoja wa kidato cha nne akanilalamikia, "Maalim siku hizi hatuulizi kitu." Kijana huyo huyo mwaka mzima alikuwa akipita njia ya mbali ili asiulizwe.

Kitu kimoja hakukiacha, na ndicho ninachokikumbuka zaidi kuliko tai. Siku ya matokeo ya mtihani alifika skuli kabla ya mwalimu mkuu. Majina yakishabandikwa, waliofaulu walikimbia wenyewe, na yeye hakuwafuata. Alijitafutia mmoja katika walioanguka, yule aliyeonekana miguu haimbebi, akafuatana naye mpaka kwao. Hakumwambia neno. Nilimwona akipita na msichana analia, yeye amekokota baiskeli, kila mmoja upande wake wa njia. Walipofika, aliingia, akaketi, akawapo wakati baba wa mtoto akielezwa. Ni hivyo tu. Nilimuuliza mara moja inasaidia nini. Akasema, "Haisaidii. Lakini mtu hapigi mtoto mbele ya mgeni."

Faki hakumkasirikia. Hilo ndilo lililomwelemea Maalim kuliko yote. Kila Sikukuu alikuja kutoka Kiuyu kumpa mkono wa Idi, na kama si samaki basi viazi, hakuja mikono mitupu. Akaoa, akapata watoto, babaake akafariki, akaanza kulima mwani pwani pamoja na mkewe. Umeme ulipofika Kiuyu baada ya miaka mingi, mwenye duka mmoja alinunua friji, likamharibikia, akaitwa Faki. Alinisimulia mwenyewe, anacheka. Alilifungua, akalitazama. Gesi yake ilikuwa nyengine, viungo vyake vyengine, vifaa vyake yeye vilikwisha liwa na kutu. "Nilikuwa najua lilipoharibika, Hamad," aliniambia. "Nilijua kabisa. Sikuweza tu kulifanya kitu." Akalifunga.

Nilipomweleza Maalim kisa hicho, alisema, "Angekuja akanitukana, ningepumua."

Alikuwa keshastaafu wakati huo, anaishi Gombani, nyumba ya mwanawe wa kike, karibu na uwanja wa mpira. Nilimtembelea Idi moja si zamani sana. Alikuwa amepungua, shingo imekuwa ndogo ndani ya kanzu. Tulikaa barazani kwenye mkeka, uwanjani kuna mchezo wa Sikukuu, nikawa namsimulia habari za skuli: vijana wanavyomaliza wengi kuliko zamani, wanavyorudi na vyeti vya chuo kikuu wakaendesha bodaboda. Alinisikiliza bila kuuliza kitu.

Faki akatokea. Kichwa kilikwisha kuwa cheupe, nami nikakumbuka kwamba tuna umri mmoja. Nyuma yake alikuwa binti wa miaka kumi na saba hivi, mtandio wa kijani, amebeba sahani iliyofunikwa.

"Raya, mwamkie babu."

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni, kaeni."

Faki aliketi. Binti alibaki amesimama kwenye ukingo wa baraza. Faki akaanza kwa taratibu zake: huyu ndiye wa tatu, kamaliza kidato cha nne, kapata si vibaya, si vizuri sana. Akasema nyumbani wamekaa wakafikiri wakashindwa. "Basi nikasema nimlete kwako, Maalim. Umtazame."

Niliona mkono wa Maalim ukishika ukingo wa mkeka. "Faki," alisema, "mie sina kitu. Nilikuwa na baiskeli na watu wawili watatu wa kujuana nao maofisini. Baiskeli imekwisha na watu wamekufa."

"Sikuja kutaka nafasi."

"Umekuja kutaka nini?"

"Umwambie la kufanya."

Maalim akamtazama binti. "Wewe mwenyewe unataka nini, mwanangu?"

Raya alitazama sahani aliyoishika. "Sijui, babu."

Maalim akanigeukia mimi. Alinitazama kama mtu anayemtazama mwenzake aliyeshika upande wa pili wa kitu kizito. Mimi ni mwalimu mkuu sasa, nimekwenda semina, nina makabrasha kabatini. Nilitazama chini.

"Faki," Maalim alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "wewe unajua ilivyokuwa."

"Najua."

"Mwaka wa ngapi huu uko kondeni? Kwa neno langu. Na bado umemchukua mtoto wako, umemleta kwangu mie. Kwa nini?"

Faki alifikiri kabla ya kujibu, kama desturi yake. "Nimpeleke kwa nani, Maalim?" alisema. "Tangu nizaliwe, mtu aliyeondoka kwake akaja mpaka Kiuyu kwa ajili yangu ni wewe peke yako."

Uwanjani walifunga bao, kelele zikatujia juu ya mapaa. Maalim alingoja mpaka zilipotulia. Kisha akajivuta kidogo, akapapasa mkeka ubavuni kwake, na Raya akapanda barazani, akaweka sahani chini, akaketi pale. Wakakaa hivyo wawili, wamegusana mabega, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua aanzie wapi.